Siku nne za msiba na kuuguza ni za miaka mitatu

Mhariri,

Mtu akifiwa, awe anafanya kazi kiwandani, dukani au kwenye shamba la mkonge, neno la upesi analopewa na wenzake ni "una siku zako nne, nenda ukazike." Ni kweli anazo. Wasichomwambia ni kwamba siku hizo nne ni za miezi 36. Si za kila mwaka, wala si za kila msiba. Naomba nafasi niwaeleze jambo hili waajiriwa wa sekta binafsi hapa Tanga, kwa sababu wengi hulijua wakiwa tayari wameitwa kwenye kikao cha nidhamu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 34, inatoa angalau siku 4 zenye malipo mtoto wa mfanyakazi anapougua au kufariki, au mfanyakazi anapofiwa na mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Ukiacha likizo ya mwaka, likizo nyingine zote huhesabiwa kwa mzunguko wa miezi 36. Kwa hiyo aliyemaliza siku zake 4 kumzika babu yake Lushoto mwaka jana, mwanawe akilazwa mwaka huu, fungu hilo halina kitu. Mwajiri anaweza kumwongezea siku, ila za ziada hazina malipo. Baba aliyepata mtoto kwa kawaida ana siku 3, nazo azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe.

Isomeni tena orodha hiyo. Mjomba hayumo, shangazi hayumo, mkwe hayumo. Zaidi ya hayo, mzazi yumo akifa tu, akiugua hayumo. Mama amelazwa hospitali ya Bombo, wewe ndiye wa kumpelekea uji asubuhi na kumgeuza kitandani, na sheria haikupi hata siku moja yenye malipo kwa ajili hiyo. Mume au mke akiugua ni vilevile. Kwangu hili ni pengo kubwa, maana kuuguza kwetu hakuna wa kumwachia.

Anayeuguza mzazi zimebaki njia mbili: aombe sehemu ya siku zake 28 za likizo ya mwaka, au likizo bila malipo. Zote mbili zinataka ruhusa, na ruhusa inataka maandishi. Ujumbe wa simu kwa msimamizi wa zamu ni taarifa, haujawa ruhusa. Andika barua fupi kwa afisa utumishi: jina, namba yako ya kazi, aina ya likizo, sababu, namba ya simu, na tarehe kamili. Usiandike "naomba siku kadhaa nimuuguze mama." Andika "kuanzia tarehe 4 hadi tarehe 10, narudi kazini tarehe 11." Toa nakala mbili, na ile ya kwako isainiwe na kuandikwa tarehe na aliyepokea. Ukiona siku hazitoshi, omba nyongeza kabla ya tarehe 10, usisubiri kurudi. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinataja kukosa kazini zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa wala sababu ya kukubalika kuwa miongoni mwa makosa yanayoweza kumfukuzisha mtu kazi.

Ukiugua mwenyewe, hesabu ni nyingine: siku 126 katika miezi 36, 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Wengi hushtukia mshahara umekatwa kwa kuwa hawakuwa wakihesabu. Bila cheti cha daktari mwajiri halazimiki kulipa, basi ED, yaani cheti cha daktari cha kukupumzisha kazi, ikaguliwe hapohapo dirishani: jina lako, idadi ya siku, tarehe ya kuanza, saini na muhuri. Kinachowaangusha watu ni mapengo. ED ya kwanza inaishia Jumanne, ya pili imeandikwa kuanzia Alhamisi, na Jumatano inabaki haina mwenyewe. Kila ED mtumie mwajiri picha yake siku hiyohiyo, halisi ifuate. Na siku za ugonjwa zisikatwe kwenye likizo ya mwaka. Kifungu cha 31 kinakataza likizo ya mwaka itumike badala ya likizo nyingine unayostahili. Kagua salio kabla ya kusaini fomu.

Mama mjamzito atoe taarifa angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti. Kwa kawaida ana siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo, na akirudi ana hadi saa 2 kila siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi.

Kibarua wa msimu asidanganywe kwamba hana lolote. Asiyetimiza miezi 6 kazini kwa kawaida hana likizo yenye malipo, lakini sheria imemtoa mfanyakazi wa msimu kwenye zuio hilo, na vilevile aliyeajiriwa na mwajiri yuleyule zaidi ya mara moja katika mwaka, mradi jumla ivuke miezi 6.

Ukinyimwa stahili, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ukajaze Fomu Namba 1 ndani ya siku 60. Ukiwa umefukuzwa, ni siku 30 tu. Nenda na ile nakala iliyosainiwa.

Viwango hivi ni vya chini kabisa. Makubaliano yanaweza kuvipandisha. Nawaomba viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi, TPAWU cha mashambani na TUICO cha viwandani na biashara, mkoani hapa, mnapokaa kujadili mkataba wa hali bora, muanze na mambo mawili: siku za kumuuguza mzazi na mwenza, na siku 4 za msiba ziwe za kila mwaka.

Msomaji wenu,
Chumbageni, Tanga