Barua ya wazi kwa wajomba na wapwa wa Newala na Tandahimba: mikorosho ya marehemu sio ya anayewahi

Wajomba wenzangu, wapwa zangu, na nyie dada zetu ambao kwa mila zetu ndo wenye ukoo, walionizidi umri shikamooni, vijana marahaba. Naandika na simu na macho sio mazuri kwahiyo herufi zikikosewa mtanisamehe, ila naomba msome mpaka mwisho maana msimu ndo huu unaingia, minada ikianza Oktoba na misiba iliyotokea kabla ya hapo inageuka ugomvi, kila mwaka naona, na mwaka huu kwenye ukoo wetu peke yake tuna nyumba mbili zenye matanga na mikorosho.

Kwanza niwaambie kwanini mimi. Nimekaa baraza la mahakama ya mwanzo miaka mingi kama mzee wa baraza, nimesikiliza mirathi mpaka nimechoka. Ila sababu kubwa sio hiyo. Mwaka 1979 alifariki mjomba wangu, ndugu yake mama tumbo moja, mimi nina miaka 26, wazee wakakaa wakanirithisha jina lake na mikorosho yake, miti 140 na kitu. Kwa mila ilikuwa haki yangu kabisa, mpwa ndo anamrithi mjomba, hakuna aliyeuliza swali. Mkazamjomba, yaani mjane wake, alikuwa amekaa pale pembeni amefunikwa kaniki, eda hata haijaisha. Miti ile alipanda yeye na mumewe, yeye ndo alikuwa anachota maji bondeni, na nyie mnajua bonde la Newala lilivyo mbali, anamwagilia miche kiangazi. Tena miaka ya 70 operesheni vijiji ilipotuhamisha, mashamba mengi yakabaki mahame, yule mama alikuwa anatembea asubuhi na mapema kwenda kupalilia kule kule ili isife. Halafu nikaja mimi nikavuna. Alirudi kwa kaka zake na watoto wanne, mdogo bado ananyonya. Niliuza korosho zile misimu mitatu, na wawili kati ya wale watoto waliacha shule. Wapo hai, wananiamkia vizuri, na kila wakiniamkia mimi moyo unaniuma. Nilishawaomba radhi na miti iliyobaki nilishawarudishia, ila shule siwezi kuirudisha.

Kwahiyo ninachosema nakisema kwa uchungu, msije mkadhani mzee kasoma sheria anataka kuwaonyesha.

Huku kwetu jambo linakuwa gumu kwa namna yake. Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, wote tunahesabu ukoo kwa mama. Zamani mwanaume anaoa anaenda kukaa kwa wakwe, analima ardhi ya ukoo wa mke na kwenye ardhi hiyo anapanda mikorosho yake. Akifa ardhi ni ya kwao mke, miti wanasema ya marehemu, na wapwa wanakuja kudai miti. Juu ya hapo wengi wetu ni waislamu, mafungu yapo kwenye Qurani, na kule Masasi na Ndanda kuna wakristo waliofunga ndoa kanisani. Halafu kuna sheria ya nchi. Sasa mtu mmoja akifa kila mmoja anachukua ile inayompa yeye, mpwa anasema mila, kaka wa marehemu anasema dini, mtoto anayekaa Mbagala anasema serikali, na mjane anaambiwa anyamaze.

Nawaomba mjue hili, hakuna anayeruhusiwa kuchagua sheria kwa kuangalia tumbo lake. Mahakama inaangalia marehemu aliishi vipi, maisha yake yalifuata nini, na yeye mwenyewe alitaka nini. Kama alikuwa muislamu anaswali, kaoa kiislamu, watoto kawapeleka madrasa, basi mirathi yake inaenda kwa mafungu. Mkewe ana thumni, yaani moja ya nane, kama marehemu ana watoto, na kama hana ana robo, wake wakiwa wawili au watatu wanagawana hiyo hiyo thumni. Mama yake akiwa hai, na marehemu ana watoto, ana sudusi, yaani moja ya sita. Watoto wanachukua kinachobaki, wa kiume mafungu mawili wa kike moja. Mpwa hapo hayumo! Nawaambia wapwa zangu kwa upendo, mkiwa mnaswali swala tano halafu mnadai mikorosho ya mjomba kwa mila huku watoto wake wapo hai, mnadai kitu ambacho dini yenu haijawapa.

Na kabla ya mafungu kuna kutoa mazishi, kuna madeni, kuna wasia. Madeni ya huku mnayajua, salfa (dawa ya mikorosho) ya mkopo, hela ya palizi, kangomba, yule mnunuzi wa mtaani, aliyempa marehemu hela korosho zikiwa bado maua. Yalipwe kwanza, ila yenye ushahidi, maana nimeona watu wanazuka na madeni siku ya arobaini.

Halafu kuna kitu wengi mnakiruka, na mimi ndo nilikiruka mwaka ule. Kabla hamjasema mali ya marehemu ulizaneni kipi ni cha marehemu. Ile miti mjane aliyopanda kwa mkono wake, ile mbuzi aliyonunua kwa hela ya ufuta wake, ile nyumba ya bati waliyojenga wote, huwezi kuikusanya yote ukaiita mirathi halafu ukamgawia thumni ya jasho lake mwenyewe. Mahakama ya Rufani mwaka 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ilisema kazi za nyumbani anazofanya mke nazo ni mchango kwenye mali. Ile ilikuwa kesi ya talaka sio ya mirathi, hilo niliseme wazi, ila mwenye akili ataona kama jasho linahesabika akiachwa haliwezi kuyeyuka akifiwa. Na kwa ardhi ya kijiji ipo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, imesema mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu ardhi kwa sababu tu ni mwanamke, mtoto au mlemavu, mila hiyo ni batili. Na Sheria ya Mtoto ya 2009 imekataza kumnyima mtoto kufaidi mali ya mzazi wake. Sasa mjomba unayesema mila zetu ndo hizi, sawa, mila zetu nazipenda, jando na unyago tuendelee, jina tulirithishane, ila mwanamke kutolewa shambani na watoto wake hapana.

Utaratibu wenyewe sio mgumu kama mnavyotishwa. Chukueni cheti cha kifo, RITA, wakala wa serikali, ndo wenye usajili, pale wilayani mnasaidiwa. Kaeni kikao cha familia muandike muhtasari, nani kapendekezwa kuwa msimamizi wa mirathi, waliohudhuria wote wasaini, na mjane akae kwenye kikao na yeye asaini, sio anapelekewa karatasi jikoni aweke dole gumba. Nendeni mahakama ya mwanzo ya pale marehemu alipokuwa na makazi yake ya kudumu. Kuna vijana marehemu kaishi Tandahimba maisha yote wao wanaenda kufungua mirathi kimya kimya Dar, huku watu wanakuja kushtuka barua ya usimamizi imeshatoka. Msifanye hivo, na nyie mkifanyiwa nendeni mkaweke pingamizi au mkaombe usimamizi utenguliwe, inawezekana. Unajaza fomu namba 1, linatolewa tangazo ili mwenye neno aseme, asipopatikana mwenye pingamizi mahakama inamteua msimamizi anapewa barua. Wakristo waliofunga ndoa kanisani waulize mapema, mahakama ya mwanzo inashughulika na mirathi ya mila na ya kiislamu, wao mara nyingi wanaelekezwa mahakama za juu yake na wasipouliza watapoteza muda na nauli.

Na msimamizi, jamani. Hapa ndo penye moto. Msimamizi sio mrithi. Anaweza kuwa mrithi pia lakini ile barua haimpi shamba, inampa kazi. Ndani ya miezi minne anatakiwa apeleke fomu namba 5 kuonyesha mali zote na madeni yote, halafu fomu namba 6 ya hesabu, kaingiza nini, katoa nini, kamgawia nani. Nimeona msimamizi kakaa na barua miaka tisa, kailaminisha kabisa, kila msimu anavuna yeye, ndugu wakiuliza anawatolea ile barua kama vile hati ya kiwanja. Warithi nendeni mahakamani mkaombe aitwe atoe hesabu. Hata ombi lenyewe sio lazima lichapwe, andika tu kwa mkono, ueleze namba ya shauri.

Kuhusu korosho zenyewe. Mtu akifa Agosti miti haisubiri, inahitaji dawa na palizi, kwahiyo kubalianeni kwa maandishi nani anahudumia msimu huu na gharama zinarudishwaje. Zikipimwa AMCOS, chama chetu cha ushirika, zisipimwe kwa jina la kijana aliyewahi, ndo wizi unapoanzia hapo. Malipo yanaingia benki, akaunti ya marehemu haiguswi mpaka barua ya usimamizi, na mnaotumia kadi na namba ya siri ya marehemu kutoa hela acheni, hata kama nia ni kununua mchele wa arobaini.

Wengine wananiuliza kwa nini wasimalize kwa sheikh tu. Sheikh anawapigia hesabu za mafungu vizuri na mahakama yenyewe inaweza kuihitaji hiyo hesabu, ila barua ya usimamizi haitoki msikitini. Baraza la ardhi nalo sio mahali pa kuamua nani mrithi wa nani. Kule Likong'o Lindi wanakotaka kujenga kiwanda cha gesi watu wameona fidia ikija inataka jina la mtu aliye hai mwenye karatasi, na familia ambazo babu kafa zamani na mirathi haijafunguliwa ndo zinahangaika.

Wasia nao andikeni, hauleti kifo. Muislamu wasia wake usizidi theluthi na usimwongezee mrithi mpaka wenzake wakubali. Kuna utaratibu wa mila ulioandikwa na serikali 1963, anayejua kusoma na kuandika awe na mashahidi wawili, mmoja wa ukoo mmoja wa nje, asiyejua awe nao wanne. Ule uliandikwa kwa makabila yanayofuata upande wa baba, sio sisi, lakini kwenye mashahidi mimi naushauri tuufuate, na shahidi asiwe yule anayepewa kitu. Wangu nimeuandika, nimeonyesha mipaka ya shamba mti kwa mti, nakala moja nimepeleka RITA, nyingine anayo mke wangu.

Sasa wale wa msiba wa juzi, nakuja Jumapili baada ya adhuhuri. Nataka nikute cheti cha kifo kama kimeshatoka, daftari la AMCOS la marehemu na risiti za salfa. Wapwa mliotoka Dar nimesikia mmeshaanza kuhesabu miti na mingine mmeifunga kamba, fungueni hizo kamba kabla sijafika. Na mkazamjomba wenu yupo eda, kikao kitafanyika uani kwake, atakaa kitini na sisi wote tutamsikiliza yeye kwanza aseme ipi walipanda pamoja.