Risala ya Vijana wa Kujitolea wa Mwambao wa Kigoma kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wakimbizi Duniani

Ndugu Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,
Waheshimiwa viongozi wa dini na wa vyama vya siasa,
Wawakilishi wa mashirika mbalimbali,
Watendaji, wenyeviti wa vijiji na mitaa,
Wazee wetu, mabibi na mabwana,

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na kutukutanisha tarehe 20 Juni, siku ambayo dunia nzima inawakumbuka wakimbizi. Tunakushukuru na wewe binafsi kwa kuitikia mwaliko wetu, tukijua fika kwamba umetoka kwenye kikao na kingine kinakusubiri. Kwa sababu hiyo hatutakusomea orodha ya matatizo yote ya vijana wa Kigoma. Tuna jambo moja, nalo ni namna tunavyowahesabu watu waliohama kwa vita au kwa maafa, na namna tunavyojua wanahitaji nini.

Ndugu Mgeni Rasmi, kikundi chetu kina vijana wa kike na wa kiume kutoka vijiji vya mwambao na mitaa ya mjini. Wamo wavuvi, wamo wauza migebuka, wamo waendesha bodaboda na wahitimu wa vyuo wanaosubiri ajira. Wengi wetu tulikuwa makarani wa sensa ya mwaka 2022. Kishkwambi tunakijua, dodoso tunalijua, na mbwa wakali wa nyumba nyingi za wilaya hii tunawajua kwa majina.

Maafa yakitokea, simu ya kwanza kutoka juu huuliza: "Wako wangapi?" Ni swali la lazima, na asiye na jibu hapati hata lori moja la msaada. Lakini likiulizwa peke yake huleta unga na maharage, basi. Halileti taulo za kike, halileti dawa za kisukari za bibi aliyeziacha kwenye nyumba iliyozama, wala halimtambui mtoto aliyefika mwaloni, pale boti zinapotia nanga, akiwa ameshika mkono wa mtu asiye mzazi wake.

Wewe na wazee waliopo hapa mnaikumbuka Kagunga ya mwaka 2015. Aprili mwaka ule Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi alitangazwa kugombea muhula wa tatu, na vurugu zikaanza. Tarehe 13 Mei likafuata jaribio la mapinduzi. Watu walivuka mpaka na kuteremkia Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, ambako wakati huo gari lilikuwa halifiki. Katikati ya mwezi huo makadirio ya watu waliorundikana pale ufukweni yalifika 50,000. Njia ya maana ya kuwatoa ilikuwa majini, na aliyeitwa kazini ni mkongwe wetu MV Liemba, meli iliyokuwa ikitimiza miaka 100 tangu ishushwe majini hapa hapa Kigoma mwaka 1915. Ilibeba takribani watu 600 kwa safari. Kwa kuwa wakati huo Kagunga haikuwa na gati, watu walipelekwa melini kwa mitumbwi, kisha wakashushwa Kigoma, wakapumzishwa Uwanja wa Lake Tanganyika na kupandishwa mabasi kwenda Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu zetu wa Kongo.

Tupige hesabu pamoja, Ndugu Mgeni Rasmi, maana hapa ndipo penye kiini cha risala yetu. Viwango vinavyotumiwa na mashirika ya misaada duniani vinataka kila mtu apate walau lita 15 za maji kwa siku, na choo kimoja kisitumiwe na zaidi ya watu 20. Kwa watu 50,000 hizo ni lita 750,000 kila siku na matundu ya vyoo 2,500, katika kijiji ambacho wenyeji wenyewe walikuwa wachache kuliko wageni. Kipindupindu hakikusubiri uhakiki. Kufikia tarehe 22 Mei wagonjwa walikuwa wamefika kama 3,000 na watu 31 walikuwa wamefariki. Liemba yenye nafasi 600, hata ingekwenda na kurudi mara mbili kwa siku, ingehitaji zaidi ya mwezi kuwahamisha watu wote wale, hata kama asingeongezeka mtu mwingine hata mmoja. Hesabu hii inafanyika kwenye kipande cha karatasi, ilimradi kuna mtu mwaloni anayehesabu tangu mtumbwi wa kwanza na anayejua ampelekee nani namba hiyo siku hiyo hiyo.

Hatusemi haya kuwalaumu waliofanya kazi mwaka ule. Walikesha, na baadhi yetu tuliokuwa wanafunzi wakati huo tuliwaona kwa macho pale uwanjani. Tunasema kwa sababu ziwa bado liko pale pale, na majirani zetu bado hawajatulia.

Ndugu Mgeni Rasmi, kuna watu wengine ambao Liemba haikuwabeba wala kambi haikuwapokea. Ni Watanzania waliohama kwa sababu ya maji. Tangu mwaka 2020 ziwa letu limepanda kwa namna ambayo wazee wengi wanasema hawajaiona kwa miaka mingi. Pale Kibirizi na Ujiji maji yameingia kwenye makazi na shughuli za watu. Ng'ambo, huko Gatumba karibu na Bujumbura, Mto Rusizi ulivunja kingo mwaka 2020 na mafuriko yamekuwa yakirudi. Aliyezamiwa hapa kwetu haendi kambini. Anakwenda kwa shemeji yake. Mtendaji wa alikotoka anajua kaya imeondoka, mtendaji wa alikokwenda hajui kwamba imefika, na kwa hiyo kwenye karatasi za serikali familia nzima imeyeyuka.

Tulipojaribu kuzitafuta kaya za namna hii kwenye mitaa kadhaa, tulijifunza mambo ambayo semina haikutufundisha. Kwenye nyumba moja mzee alituambia wako saba. Tukaandika saba. Lakini nyuma ya nyumba, juu ya mafiga, palikuwa na sufuria ya ukubwa ule unaoazimwa misibani, na ugali ulikuwa unasongwa na watu wawili. Binti mmoja wa kikundi chetu, badala ya kurudia swali, aliuliza tu: "Mama, leo mnapikia wangapi?" Jibu likaja bila kusita: kumi na sita. Familia ya binti yao iliyozamiwa ilikuwa imehamia pale. Mzee alificha kwa sababu alidhani tumetumwa na mwenye nyumba.

Upande wa pili upo vilevile, na tungekuwa wanafiki tusipousema. Ikisikika tu kwamba kuna mgao, kaya ya watu watano hulala watano ikaamka tisa. Karani anayeitwa na mjumbe mapema asubuhi kwenda kuandikisha "walioongezeka usiku" anaijua hali hiyo. Ndiyo maana namba moja kutoka kwa mtu mmoja hatuiamini. Tunamuuliza mwenyekiti wa kitongoji, tunamuuliza mwalimu ni watoto wangapi wapya wameingia darasani, tunamuuliza muuguzi wa zahanati, halafu tunakwenda kisimani kutazama foleni. Majibu yakipishana sana, tunarudi.

Utaratibu huu hatukuubuni sisi. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, lina mfumo wa kufuatilia watu waliohama ulioanzia Iraq mwaka 2004, na kwa majirani zetu wa Burundi hutumia watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu wanaoulizia kilima kwa kilima. Hawaishii kwenye idadi. Wanauliza watu wametoka wapi, nini kimewatoa, wanalala wapi, kwa ndugu au kwenye turubai, maji wanachota umbali gani, watoto wanasoma au hawasomi, na je, wanataka kurudi. Kisha wanauliza tena baada ya muda, kwa sababu majibu hubadilika. Familia iliyopokelewa vizuri mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu inaambiwa "mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe", na shamba lenyewe la kulima halipo.

Ndugu Mgeni Rasmi, kuna somo lingine kutoka Goma, mashariki mwa Kongo. Mwezi Februari 2025, baada ya waasi wa M23 kuuteka mji ule, watu waliokuwa kwenye kambi za pembezoni kama Bulengo waliamriwa kuondoka ndani ya saa 72. Mamia ya maelfu ya watu, ambao wengi wao walikuwa na kadi na namba kwenye orodha za misaada, walitawanyika kwa siku chache. Orodha iliyofungwa kwenye eneo la kambi ilibaki bila watu, na watu wakabaki bila orodha. Kwa Kongo nzima, IOM ilikuwa imekwisha kuhesabu watu milioni 6.9 waliohama ndani ya nchi yao kufikia Oktoba 2023. Kwa hiyo sisi tunaona orodha inayofaa ni ile inayomfuata mtu aendako, hata akilala kwa shemeji.

Hapo hapo ndipo penye hatari. Daftari lenye jina la mama, umri wa mabinti zake, mahali wanapolala na sababu iliyowafanya wakimbie, likianguka mikononi mwa mtu mbaya, linaweza kuua. Kwa mtu aliyekimbia vita, anayemtafuta anaweza kuwa amevuka ziwa lile lile. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Lakini bado tunaona orodha za waathirika, majina na namba za simu, zikipigwa picha na kurushwa kwenye makundi ya WhatsApp ili ionekane kazi imefanyika. Kikundi chetu kimekubaliana: takwimu za jumla tunazitoa kwa kila kiongozi anayehusika, majina hatumpi mtu asiye na kazi nayo, hata awe rafiki wa mwenyekiti. Imetugharimu urafiki kidogo.

Kutokana na hayo, Ndugu Mgeni Rasmi, tunaleta maombi yetu kwako, ukiwa mwenyekiti wa kamati ya usimamizi wa maafa ya wilaya.

La kwanza, na ndilo zito, tunaomba kila mwalo wenye boti za abiria na kila kijiji cha mpakani kiwe na watu wawili walioandaliwa kabla ya shida, mmoja awe mwanamke, wenye daftari na namba ya simu ya kupeleka taarifa siku hiyo hiyo. Tunasisitiza mwanamke, kwa sababu kuna mambo ambayo binti aliyetoka njiani usiku hatamwambia kijana wa kiume mwenye kalamu, hata kijana huyo awe mpole namna gani. Watu hao hawahitaji ofisi. Viongozi wa BMU, vile vikundi vya wavuvi vinavyosimamia mialo, wako mialoni kila siku, na wanajua boti ipi ni ya uvuvi na ipi imeleta watu.

Tunaomba pia mtendaji anayepokea kaya iliyohama amjulishe mwenzake wa ilikotoka, kwa fomu moja ya wilaya nzima. Sasa hivi kila shirika linakuja na fomu yake, na mama mmoja anaulizwa maswali yale yale na watu wanne kwa wiki moja. Mwishowe anachoka na kujibu lolote.

La mwisho ni majibu. Watu wanatuuliza mtaani: "Mlituandika, ikawaje?" Hatuna la kuwaambia. Tunaomba taarifa iliyokusanywa kwao irudi kwao, isomwe kwenye mkutano wa kijiji, pamoja na kilichoamuliwa na ambacho hakikuwezekana. Kaya isiyopewa turubai kwa sababu yalikwisha itasikitika, ila mwezi ujao itafungua mlango tukibisha. Isiyoambiwa chochote haitafungua.

Vitendea kazi hatutaviombea sana leo. Makoti ya mvua, betri za akiba na nauli ya boti ni mahitaji yanayofahamika, na tumeyaandika kwenye kiambatisho alichonacho katibu wako. Kuhusu vishkwambi vya sensa, tunajua vilikwenda kwa walimu na hatuna nia ya kuwanyang'anya. Madaftari yanatosha kuanzia.

Ndugu Mgeni Rasmi, baada ya risala hii wenzetu watakuonyesha kwa vitendo, pale chini ya mwembe, jinsi tunavyoandikisha kaya inayoshuka kwenye boti. Tunakuomba ukubali kuwa mkuu wa kaya hiyo, ili maswali yetu uyaonje mwenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu wa kikundi, kwa niaba ya wanakikundi wote.