Kabla hujagusa waya wa sola

Tabora, Oktoba

Ndugu yangu,

Salaam nyingi kwako, kwa shemeji na watoto hapo Ujiji. Nimefurahi kusikia friza la migebuka sasa linaendeshwa na sola: paneli 4, betri 2 na inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa TANESCO) ya wati 2,000. Ila umesema usafi na kukaza nati utafanya mwenyewe, na hapo ndipo nina neno.

Umeme wa TANESCO ukishusha swichi kubwa, nyumba imezimika. Sola haiko hivyo. Paneli ikiona jua inazalisha, inveta iwe imezimwa au la. Paneli moja ya seli 72 hutoa volti kama 45 ikiwa haina mzigo. Zako zimefungwa 4 kwa mfululizo, kwa hiyo waya unaoshuka kutoka kwenye bati una volti 180 hivi. Hizo zinaua.

Tena usichomoe plagi za paneli mtambo ukiwa unafanya kazi. Umeme wa TANESCO hupita sifuri mara 100 kila sekunde, ndiyo maana cheche yake hukatika upesi. Wa paneli hausiti; cheche inavutika kama moto wa kuchomelea, inayeyusha plastiki na kufika kwenye mbao za dari. Kwa sababu hiyohiyo breka ya kawaida ya nyumbani haifai pale. Lazima iwe imeandikwa DC, yaani ya umeme unaokwenda upande mmoja kama wa paneli, na volti zake zizidi zile za paneli.

Unapotaka kushika chochote, zima friza na taa, zima inveta, shusha breka ya paneli, halafu ndipo ufungue betri. Kurudisha ni kinyume: betri kwanza, paneli baadaye. Ukitoa betri huku paneli zinasukuma, kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji ya betri, inaweza kuungua. Ndani ya inveta kapasita, vile vipande vinavyohifadhi umeme, hubaki na umeme, basi subiri dakika 10 na upime kwa mita kabla ya kugusa.

Betri watu huzidharau kwa kuwa volti 24 hazipigi shoti. Lakini spana ikilala kati ya chanya na hasi, inageuka nyekundu mkononi mwako na betri inaweza kupasuka. Vua saa na pete, uzungushie mpini wa spana utepe wa umeme. Inveta yako ikifanya kazi kikamilifu inavuta ampea 83, na ukihesabu upotevu unakaribia 95. Hiyo inataka waya wa milimita za mraba 35 na fyuzi ya ampea 125, isiyozidi shubiri moja kutoka kwenye chanya ya betri. Fyuzi ikikatika tafuta sababu; usiweke kipande cha waya, nakuomba sana.

Kama ni betri za maji, zikichajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa moto. Chumba kiwe na dirisha, kibatari na sigara visiingie. Ongeza maji ya betri yaliyokenekwa (distilled water) tu, si ya ziwani wala ya kisima. Asidi ikiruka jichoni, mwagia maji safi dakika 20 mfululizo, kisha hospitali.

Vumbi futa alfajiri, kioo kikiwa baridi. Mvua ziko karibu: radi ikianza kunguruma ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, shuka paani hata kama imebaki paneli moja.

Nitumie picha ya breka ya paneli na ya fyuzi, maandishi yasomeke, kabla hujapanda juu.

Ni mimi rafiki yako.