Shengena ya babu yako

Kawangware, Nairobi
Julai

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Barua yako imenifikia. Mama jirani aliyepanda basi la Namanga aliileta hadi mlangoni, imekunjwa vidogo kama hirizi. Zamani nilikuwa nanung'unika kwamba shule haiwaruhusu simu, lakini tangu uingie kidato cha tano naona mwandiko wako umepata adabu. Endelea kuniandikia.

Ada usihangaike nayo, mjomba wako ameshaipeleka. Tuje kwenye swali lako la pili, maana ndilo lililonikosesha usingizi: "Mama, Nairobi kuna nini?"

Sikuwa na jibu. Huu ni mwezi wa tano niko hapa, na Nairobi niliyokuwa naijua ilikuwa chumba changu, karakana tunakoshona magauni ya vitenge, na njia ya tope inayounganisha hivyo viwili. Jumapili kanisani, kisha kufua. Wenzangu wakiniuliza kama nimeshafika "tao", yaani katikati ya mji, nawajibu sikuja kutalii, nimekuja kutafuta. Jibu hilo nililiona la kiutu uzima kabisa. Sasa nikilitazama naona nilikuwa naogopa tu: kupotea, kuibiwa, kuchekwa ninavyoongea. Halafu kulikuwa na ile hesabu. Shilingi ya hapa ni karibu mara 20 ya yetu, kwa hiyo kila bei naizidisha kabla sijafungua pochi. Kikombe cha chai cha shilingi 30 nakiona 600, koo linafunga. Mtu anayehesabu hivyo hatembei.

Basi Jumatano iliyopita nimefika kazini saa mbili asubuhi, nakuta cherehani zote kimya na wenzangu wamekaa nje wamejikunyata kwa baridi. "Stima zimepotea," wakaniambia. Mara ya kwanza kusikia maneno hayo, Machi, nilidhani kuna meli imezama. Kwetu stima ni meli ya moshi, tena ya kwenye vitabu vya zamani; hapa stima ni umeme, na unapokatika wanasema umepotea, kama mbuzi. Bosi akasubiri hadi saa tatu na nusu, akasema twende zetu, tutafidia Jumamosi. Wengine wakarudi kulala. Mimi nilisimama pale barabarani na pochi yangu kwapani, nikakumbuka swali lako, na kabla sijaanza kuzidisha kwa 20 nikapanda matatu ya 46.

Matatu ni daladala iliyokunywa kahawa. Muziki wa humo unausikia mbavuni kabla ya masikioni. "Mathe, songa ndani," kondakta akaniambia. Zamani neno hilo lilikuwa linaniudhi, nikidhani natukanwa. Kumbe ni mama tu, wameligeuza kama wanavyogeuza kila kitu.

Niliposhuka mjini nilitafuta kwanza sanamu ya Tom Mboya, aliyekuwa waziri wa Kenya, kwa ajili yako wewe mtu wa HGK, Historia, Jiografia na Kiswahili. Iko Moi Avenue, watu wanapeana miadi pale kama sisi tunavyopeana stendi. Mboya alipigwa risasi karibu na hapo hapo, tarehe 5 Julai 1969, ametoka dukani kununua dawa. Nilisimama, nikaangalia watu wanavyopita bila kuinua macho, nami nikapita.

Ng'ambo ya sanamu kuna jengo la Nyaraka za Taifa. Zamani lilikuwa benki, na ukiingia unaona kweli ni nyumba iliyojengwa kutunza fedha. Mlangoni alikaa mzee mlinzi, mvi tupu. Mdomo ukanitoka wenyewe: "Shikamoo, mzee."

Mwanangu, yule mzee alinyooka kama ameitwa gwaride. "Marahaba! Marahaba, mama! Wewe ni wa Tanzania ama wa Mombasa?" Kisha akamwita mwenzake: "Kuja usikie!" (Hapa hawasemi njoo, wanasema kuja. Mwalimu wako wa sarufi angelazwa.) Nikaamkia mara ya pili, kwa ajili ya mwenzake. Unajua hapa vijana wanasalimia "sasa", unajibu "fiti", na ukimwamkia mtu mzima anaweza kukujibu "poa". Miezi mitano sikuwa nimepata marahaba kutoka kwa mtu aliye mbele yangu, ila kwa simu tu, nikimpigia bibi yako. Sikujua kama nilikuwa naidai hadi nilipolipwa.

Ndani, ukumbi wa chini umejaa vitu alivyokusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa Kenya mwaka 1966, akaacha siasa na kushughulika na sanaa. Vinyago, vigoda, shanga, nguo kutoka Afrika nzima. Wanafunzi walikuwa wanaandika kwenye madaftari yao, mimi nimeinamia pindo za nguo nikitafuta mshono ulianzia wapi. Fundi haachi kazi hata akiwa matembezini. Kuna pindo moja nimeiba kwa macho, utaiona kwenye gauni lako.

Njaa ikanipata. Niliingia kibanda kimoja cha chakula mitaa ya chini, nikaagiza chai, ikaja ya maziwa. Hapa ukisema chai ndiyo hiyo. Ya rangi unaiita strungi, na hadi leo nasahau. Makande yetu wao ni githeri, wanayakaanga kwa kitunguu na nyanya. Si mabaya. Usimwambie bibi nimesema si mabaya.

Nikashuka na Moi Avenue hadi inapokutana na Haile Selassie. Pale kona ndipo ulipokuwa ubalozi wa Marekani uliolipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, asubuhi ile ile waliyolipua na wa Dar es Salaam. Mwaka huo nilikuwa na miaka 15, tuliisikia kwa redio ya babu yako, na sisi tuliisikia kama habari ya Dar. Watu 11 walikufa Dar. Hapa zaidi ya 200. Siku hizi pamekuwa bustani, na kuna ukuta wa majina. Nilikaa benchi nikayasoma kwa muda, safu hadi safu. Makelele ya barabarani yanafika humo, lakini kama yamefunikwa kitambaa. Juu ya hapo sitaandika mengi.

Kutoka kwenye bustani hadi stesheni ya reli si mbali, na nyuma ya stesheni kuna makumbusho ya reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Sikuwa nimeyapanga. Niliona kibao, nikasema niende nikaone na hiyo stima nyingine, ya mvuke, kama nayo imepotea.

Ndani ya jengo kuna picha, saa, taa za ishara, vyombo vya mezani vya wasafiri wa daraja la kwanza. Nje ndiko kuliko na yenyewe, mabehewa na injini zimesimama kwenye nyasi. Kuna behewa moja ambalo mwaka 1900, stesheni ya Kima, polisi mmoja Mwingereza aitwaye Ryall alikaa humo usiku kumvizia simba mla watu. Akasinzia. Simba akaingia, akamtoa. Wenzake wawili waliokuwemo waliokoka. Watoto wa shule waliovaa masweta walikuwa wanaingia na kutoka humo wakingurumiana, mwalimu wao amechoka kabisa. Ukumbuke reli yenyewe ilianzia Mombasa 1896 na kufika hapa 1899, na kabla ya hapo pahali hapa palikuwa na maji baridi ya Wamaasai tu. Mji wote huu ni kituo cha reli kilichokataa kubaki kituo.

Nikaenda kwenye zile injini kubwa. Kubwa, mwanangu! Nilihesabu magurudumu upande mmoja, 14, nikazunguka nikahesabu upande wa pili, 14. Jumla 28. Uzito wake unapita tani 250. Zilitengenezwa Manchester miaka ya 1955 na 1956, 34 kwa jumla, na zilikuwa zinavuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, za Reli na Bandari za Afrika Mashariki, yaani zetu sote. Rangi yake ni ile ya damu ya mzee, imechujuka. Na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki: Kenya, Meru, Elgon. Moja pale inaitwa Gelai, mlima wa kwetu upande wa Natron. Nikatabasamu, nikaipiga picha. Nikasogea kwa nyingine, namba 5930, nikasoma jina lake.

Shengena.

Nilisoma tena. Mlima wetu wa Upare. Nikaweka mkono juu ya chuma, baridi kama jiwe la mtoni Chome alfajiri.

Wewe unajua usemi wa nyumbani kwetu. Mtu akitia chumvi kwenye habari, mjomba wako anasema "hiyo ni Shengena ya babu", wote tunacheka. Ila hujui ulikotoka, maana babu alifariki ukiwa na miaka minne. Babu yako alikuwa kibarua wa reli pale Same, kazi ya kushindilia kokoto na kubadili mataruma. Kabla ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 alipelekwa Voi, huku Kenya, miezi michache, kwa ile njia inayotokea Kahe na Taveta. Tangu hapo, akishapata dengelua bilauri mbili, alikuwa anaanza: "Nyie mnaiona Shengena imekaa tu hapo juu. Mimi nimeiona ikipita Voi usiku, inahema kama dume la ng'ombe, inakwenda Mombasa." Sisi chini tunaangua vicheko. Mlima unakwenda Mombasa! Kufuata nini, samaki? Na aliyekuwa akicheka kuliko wote ni mimi. Mimi ndiye niliyetunga ule usemi, nikiwa na miaka tisa au kumi.

Hakutufafanulia hata siku moja kwamba ni jina la injini. Hilo ndilo ninalolizungusha kichwani tangu Jumatano, nikiwa kwenye cherehani. Neno moja lingetosha. Pengine alifurahia tu kutuona tukicheka. Pengine alijaribu, nasi tukawa tumeshaanza kucheka. Baada ya 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa hadi 1983, mwaka niliozaliwa, na yeye hakuvuka tena. Hakuwa na shahidi.

Nilikaa kwenye nyasi mbele ya ile injini hadi mlinzi akaja kuniuliza kama niko sawa. Nikamwambia huyu ni wa kwetu. Akatazama injini, akanitazama mimi, akaenda zake.

Nilikuwa nimekusudia kumalizia KICC, jumba la mikutano, lile jengo la mviringo la ghorofa 28 lililomalizika 1973, ambalo wanasema mbingu ikiwa safi juu yake unaiona Kilimanjaro. Sikupanda. Mbingu ya Julai ilikuwa kama blanketi la jeshi, nami macho yalikuwa yameshiba. Nikapanda 46 kurudi, na nilipofika stima zilikuwa zimeshapatikana.

Kwa hiyo hayo ndiyo majibu yangu kuhusu Nairobi kuna nini. Mengine njoo ujionee. Desemba ukifunga, mjomba akufuatilie pasi ya kusafiria mapema, tupande KICC wote wawili, na twende mbuga ya wanyama iliyo ukingoni mwa mji, ya tangu 1946. Simba pale, maghorofa hapa. Nimeanza kuweka akiba kwenye kopo. Ukija niletee tangawizi ya Mamba, ya hapa haina ukali.

Ndani ya bahasha utakuta picha mbili nilizosafisha. Moja ni yako. Ya pili mpelekee bibi. Sijamwambia kwa simu, hasikii vizuri siku hizi, na jambo hili linataka macho. Usimweleze kitu. Mpe miwani yake, mwache asome mwenyewe ubavuni mwa injini. Anayesoma Zaburi kwa mwanga wa kibatari hatashindwa na herufi kubwa namna ile. Halafu uniandikie alichosema, neno kwa neno.

Na hakikisha mjomba wako yupo.

Ni mimi,
Mama yako