Alama za sanaa zianzie kwenye kikombe

Mhariri,

Sisi ni walimu wa sanaa za uchoraji, na tunaomba nafasi tuseme jambo kuhusu miaka miwili ya kwanza ya sekondari. Bado kuna madarasa ambamo mwanafunzi anaambiwa achore mandhari nzuri, kazi inasahihishwa kwa usafi, na aliyenakili vizuri picha ya kwenye kalenda ndiye anayeongoza. Alama hizo zinampa sifa asiyoifanyia kazi. Kazi ngumu, ile ya kugeuza kitu chenye unene kiwe mistari juu ya karatasi, ilishafanywa na aliyeitengeneza picha ya kwanza.

Mwanafunzi awekewe kikombe mezani. Karibu kila anayeanza atachora mdomo wa kikombe kama duara kamili, kisha kitako akipige mstari ulionyooka. Asiambiwe ni mzembe. Anajua mdomo ni mviringo, anajua kitako kimekaa juu ya meza bapa, basi anachora anachokijua na kuacha anachokiona. Mdomo ukitazamwa kwa mshazari ni duaradufu, yaani duara lililobanwa, na kadiri duara linavyoshuka chini ya usawa wa macho ndivyo duaradufu inavyopanuka. Kwa hiyo kitako hupinda zaidi kuliko mdomo. Mwalimu akinyanyua kikombe polepole hadi usawa wa macho, darasa litaona mdomo ukinywea mpaka ubaki mstari. Ni zoezi la dakika mbili, nalo linashinda maelezo ya ubao mzima.

Uso nao una mtego wake. Wanafunzi hupandisha macho karibu na nywele kwa kuwa huusahau utosi, ilhali macho hukaa takriban katikati ya urefu wa kichwa. Dawa ni kupima kwa penseli: mkono umenyooshwa, kiwiko kimekazwa, jicho moja limefumbwa. Kiwiko kikilegea, penseli inasogea karibu na uso na vipimo havilingani tena.

Kivuli ndicho kinachotaka muda mrefu kuliko yote. Kabla ya kugusa kikombe, mwanafunzi achore vyumba vitano na avijaze, kuanzia weupe wa karatasi hadi weusi wa mwisho anaouweza. Wengi hukwama kwenye kijivu cha katikati, na mara nyingi tatizo ni penseli: ile ya kawaida, HB, hata ikikandamizwa haifiki kwenye weusi mzito, inatoboa karatasi na kuacha mng'ao tu. Iongezwe 2B na 4B, zilizo laini na nyeusi zaidi. Kusugua kwa kidole kukatazwe mapema, maana mafuta ya ngozi huacha madoa ambayo ufutio hauyaondoi vizuri. Mwanga nao utoke upande mmoja. Dirisha likiwa kulia na jingine kushoto, vivuli vinauana. Halafu kitazamwe kwa makini ukingo wa upande wenye giza: pana utepe mwembamba ulio mweupe kidogo, mwanga unaorudi kutoka mezani, na giza zito limekaa kando yake, kuelekea katikati ya kikombe. Mwanafunzi akiuona utepe huo bila kuonyeshwa, huyo ameanza kuona.

Kwenye rangi tutaje makosa mawili yanayokula vifaa. Kijani kianzie kwenye manjano, buluu iongezwe kwa ncha ya brashi. Anayeanza na buluu atamaliza kopo la manjano akiipoza. Zambarau nayo ikitoka kama tope, chanzo ni nyekundu inayoelekea chungwa, kwa sababu ina umanjano ndani, na manjano huiua zambarau. Itafutwe nyekundu inayoelekea waridi. Na karatasi ya kuchapia ya gramu 80 kwa mita ya mraba isitumiwe kwa rangi za maji, itajikunja yote. Ianzie gramu 200.

Ombi letu kwa wakuu wa shule ni mambo mawili. Vipindi viwili vya sanaa viunganishwe, kwani katika dakika 40, kumi huishia kupanga vifaa na kumi nyingine kuosha. Pili, nusu ya alama za mwaka itoke kwenye daftari la michoro, lenye tarehe kila ukurasa na michoro iliyoharibika ikiwa ndani, isichanwe. Mwalimu alinganishe kikombe cha wiki ya kwanza na cha wiki ya kumi, hapo ndipo alama ilipo. Na kwa mwezi wa mwanzo ufutio ukae kwenye meza ya mwalimu, ili mstari uliokosewa ubaki pale pale na ule unaofuata uwe na pa kujipimia.

Walimu wa sanaa, sekondari