Sponji ya godoro kwenye gari la wazi

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa magari wiki iliyopita uliwashauri wenye magari ya zamani ya wazi wabandike sponji ya godoro chini ya kapeti ili kuua kelele. Nilisoma nikashika kichwa. Nilishawahi kufanya hivyo hivyo, na nililipa.

Gari langu ni MGB ya mwaka 1972, viti viwili na turubai. Aliyenibandikia sponji alikuwa fundi wa viti, mtu mpole, kazi yake inapendeza macho. Nikatamba nalo wiki mbili. Mvua zilipoanza, mambo yakageuka. Turubai la gari kama hili halizuii maji, linayapunguza tu. Yanapenya pembeni mwa kioo cha mbele na kuteremka taratibu hadi miguuni. Sponji ikayanywa, ikayatunza. Baada ya miezi minane nilifunua kapeti kwa sababu ya harufu. Niliikamua sponji kama tambara la kudekia. Chini yake rangi ilikuwa imefura malengelenge, na bisibisi ikazama kwenye chuma bila kusukumwa. MGB haina chasisi ya kujitegemea kama lori: sakafu na vizingiti vya milango ndiyo mifupa yake, na kwa kuwa juu hakuna paa la chuma la kusaidia, mzigo wote uko huko chini.

Tena kelele zenyewe zilikuwa hazijapungua sana. Usiku mmoja niliweka taa kwenye injini, nikafunga boneti, nikajilaza kichwa chini ya usukani na miguu juu ya kiti (jirani aliyepita hakuuliza kitu). Nikahesabu nyota saba. Matundu saba kwenye ukuta wa chuma unaotenga injini na miguu ya dereva: ya nyaya, ya mabomba ya hita, mengine hata sijui yalitobolewa kwa ajili gani. Mpira wa mkono wa gia nao ulikuwa umechanika upande usioonekana. Sauti ni kama maji, haihitaji mlango. Niliziba matundu kwa vizibo vya raba, nikabadilisha mpira wa gia, na kile kishikizo cha ekzosi kilichokuwa kimekufa, bomba likigonga bodi. Hapo ndipo nilipoanza kumsikia abiria wangu. Hata joto lililokuwa linanichoma mguu wa upande wa giaboksi likapungua.

Baada ya hapo, ndiyo, bandika kitu, ila kwa akili. Gonga bati kwa kifundo cha kidole. Likilia "ngaa", linatetemeka. Weka katikati ya bati kipande cha butili, raba nzito inayonata, chenye mgongo wa karatasi ya alumini, ukigandamize kwa rola mpaka kishike. Robo ya bati inatosha, huna haja ya kulivika lote. Kazi yake ni kutuliza mtetemo. Ukitaka na tabaka laini juu yake, tafuta povu ambalo vitundu vyake vimefungika, lisilonywa maji, na usiligundishe sakafuni. Liache linyanyuke na kapeti.

Upepo nimeuacha kama ulivyo. Turubai likiwa chini, mwendo ukipita kilomita 90 kwa saa, upepo unameza sauti zote, na hakuna kitu cha kubandika sakafuni kitakachoufikia. Sauti mbili zilizo sawa zikikutana huongeza desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na moja ikiwa ndogo ongezeko ni dogo zaidi; kwa hiyo ukiondoa ile ndogo iliyo chini ya upepo, sikio halitajua. Safari ndefu, pale sheria inaporuhusu, mimi huvaa vizibo vya masikio. Vyangu ni vya sponji, na huko ndiko sponji inakofaa.

Waliokwisha kufuata ushauri wenu wafunue kapeti leo, waingize kidole pale sakafu inapokutana na kizingiti. Kikitoka kimelowa, wasingoje Jumamosi.

Msomaji wenu, mwenye MGB