Mdogo wangu, kabla mkweo hajafika Lamu

Mdogo wangu,

Salamu zako za Idi zilifika, nikazinyamazia. Sasa nasikia mama mkwe wako anakuja Mfungo Sita kwa Maulidi, na umeshamwahidi kumtembeza kwenye majumba ya makumbusho, na kiti chake cha magurudumu. Una moyo wa kutoa, hilo sijapata kulikana. Lakini nakujua.

Mama hukumuuliza, siku ile ulipompeleka makumbusho. Ulimwona anaziangalia zile ngazi, ukaamua anataka kupanda. Ukaita vijana wanne wa gatini wakambeba. Mimi nilikuwa nyuma yao. Nilimwona kalibana buibui magotini kwa mikono miwili lisipande, kwa hiyo hakuwa na mkono wa kujishikia. Kiatu cha kushoto kikamvuka, kikaporomoka mpaka chini, mgeni mmoja akakiokota akabaki nacho, hajui ampe nani. "Nishusheni, wanangu," alisema, kwa sauti yake ile ya kutotaka kumuudhi mtu. Wewe uko juu na simu: "Mama, cheka!" Mama yetu huyu huyu, ambaye fundi wa bomba akibisha hodi alihamia chumba cha ndani.

Siku ya arobaini ukanirushia neno mbele ya watu, kwamba mimi ningemwacha barazani. Ndiyo, ningemwacha, na kahawa yake, na wapita njia wa kuwasalimu. Nani kakwambia hiyo si raha?

Basi huyu usimfanyie hivyo. Piga simu mapema. Usiulize kama kiti kinaingia, maana watakwambia karibu, kinaingia. Uliza vidato vingapi mlangoni, mlango una upana gani, choo kiko wapi. Kuvuka kutoka Mokowe, ngojeni maji yajae. Yakitoka, zile ngazi za gati zinateleza hata kwa mzima.

Na usinijibu kwamba mji ni wa kale, umo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, haugusiki. Ubao wa mteremko unawekwa na kuondolewa, ukuta hauumii. Matondoni wanaunda jahazi zima, washindwe na ubao? Ugumu uko kwingine. Kipimo cha kawaida ni 1 kwa 12: kidato cha sentimita 15 kinataka ubao wa mita 1.8. Vidato vitatu ni mita 5.4, na kwenye vichochoro vyetu punda apite wapi? Kwa hiyo ipo milango ambayo ubao hautoshi. Hapo vitu vingine vishushwe chini, au mtu aonyeshwe picha za juu akiwa amekaa kwa starehe zake. (Na asiyeona je, ambaye kila kitu kiko nyuma ya kioo? Hata hao hatujawataja.)

Niliyasema haya siku ile ile, ukaniambia naharibu safari. Kasome Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010. Kinaanza na mtu mwenye ulemavu kutendewa kwa heshima. Kufika kila mahali kunakuja baadaye. Mpangilio huo sikuutunga mimi.

Mkweo akisema anabaki chini, kaa naye chini. Na ile picha ya Mama ngazini bado iko kwenye ukurasa wako, watu wanaandika mashallah. Ifute, leo.

Dada yako